Kilichosikika Kwenye Bomba

Ruse, 11 Machi

Kaka yangu mpendwa Lyuben,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Tsonka, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Mimi kwa mwili sijambo. Kwa moyo, siwezi kukudanganya, sijatulia.

Kwanza uniwie radhi kuhusu ile amplifaya yako ya kupigia muziki harusini. Nimeifungua. Imekaa juu ya kabati miaka kumi na miwili, na dadako unamjua, fundi simu hata akistaafu hawezi kuvumilia kifaa kilale bure. Nilichomoa sehemu ya mbele, ile inayokuza sauti ndogo, nikailehemu kwa waya mpya na kisahani cha shaba nilichokitoa ndani ya saa ya kengele. Ukibandika kisahani hicho kwenye bomba, ukavaa hedifoni, unasikia mahali maji yanapovuja. Ukuta wangu wa bafuni ulikuwa umeanza kulowa, na fundi bomba alitaka kuubomoa wote.

Jumatano asubuhi nikaanza. Maji niliyasikia, kweli. Lakini chini yake palikuwa na mkwaruzo, tatu tatu, kama wa ukucha. Kisha mtu akasema, "Maji."

Kaka, nilizitupa hedifoni kama zimeniunguza. Nikazivaa tena. "Maji, jamani." Ilikuwa sauti ya Mzee Pencho anayekaa chini yangu, ambaye sote tulidhani amekwenda kwa mwanawe mjini Varna.

Nilishuka ngazi kwa soksi, bila viatu. Mlango umefungwa kwa ndani. Dimka wa ghorofa ya kwanza alikuja na shoka huku akinifokea, "Wewe una wazimu! Tangu lini watu wakakaa kwenye mabomba?" Tulipouvunja mlango tukaingia, shoka akaliweka chini. Mzee alikuwa amelala sakafuni bafuni, kati ya beseni na ukuta, nyonga imevunjika, midomo imepasuka, mswaki mkononi. Tangu Jumatatu asubuhi.

Daktari alisema siku moja zaidi asingeimaliza. Sasa jengo zima linaniita mwokozi. Dimka ameniletea mkate wa banitsa wenye jibini mara mbili, na sokoni anatangaza kwamba nasikia hata samaki wa Mto Danubi wakisengenyana.

Kaka, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumatatu mchana nilikuwa naijaribu hiyo amplifaya, inavuma na kupiga miluzi, nikasikia bomba likigongwa. Mara tatu, kimya, mara tatu tena. Unakumbuka Mzee Pencho alivyokuwa akitugongea kulalamikia kelele kila ulipofanya mazoezi ya muziki. Nikasema, ameanza huyo. Nikachukua kijiko cha supu, nikamgongea na mimi kwa nguvu zote, mara tatu. Akagonga haraka haraka. Nikamjibu tena. Nikacheka, Lyuben. Nikafungulia redio, nikavaa koti nikaenda sokoni. Jioni hakugonga tena, nikafurahi kwamba nimemkomesha.

Jana nilimtembelea hospitali. Alinishika mkono, akasema, "Stanka binti yangu, uliponijibu nililia. Nikajua umenisikia. Hawa madaktari eti wananiambia nilikaa pale chini siku mbili. Waongo hawa! Niligonga, ukajibu, ukaja."

Nilimwambia mlango ulikuwa mgumu, ndiyo maana nikachelewa.

Jumapili nampelekea supu, na nimekusudia kumwambia. Nimekuandikia wewe kwanza ili niyaone maneno yenyewe yakiwa kwenye karatasi. Ni mabaya kuliko nilivyodhani.

Msalimie sana wifi, na wapwa wangu wote wabusu kwa niaba yangu. Barua hii ikikufika, Jumapili itakuwa imeshapita. Ukinipigia simu, usianze na hali yangu. Niulize kama nimemwambia.

Dadako akupendaye,
Stanka