Karatasi Niliyopeleka Ukweni

Marwa, mshindani wangu kwa bibi yako,

Salamu kutoka Kitaji. Sisi wazima, bibi anakohoa kidogo, ila kunigombeza hajapunguza.

Unauliza kama hiyo karatasi ya chooni iliyoandikwa "imetokana na karatasi kuukuu, hakuna mti uliokatwa" inasema kweli. Umemuuliza bingwa! Enzi zile maduka yalikuwaga matupu, fundi mmoja wa Nyasura akawa anachemsha magazeti ya zamani kwenye pipa, anatoa karatasi ya chooni. Nikabeba furushi zima mpaka Butiama, nilipoenda kumposa bibi yako. Baba yake alikuwaga hawapendi kabisa wakata miti, basi nikajitapa: "Mzee, hapa hakuna hata mti mmoja uliokatwa!"

Akaipapasa ile karatasi. "Na hilo pipa, kijana, lilichemka kwa kuni au kwa maneno yako?"

Kuni nilikuwa nimeziona. Lakini bila yule fundi, magazeti nayo yangechomwa tu.

"Mzee, sijui," nikasema, mimi niliyefika mpaka Kisumu.

Akacheka, akamwita binti yake. Mpaka leo sielewi karatasi ile ilikuwa nzuri au mbaya, wala kwa nini nilipewa mke. Wewe waulize wenye kiwanda wanachemshia nini.

Babu yako, bado kijana.