Aliyechelewa Kichakani

Itigi, Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu Nathan,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana tangu uhamie Dar es Salaam shikamoo zako zimekuwa adimu. Habari za huko, za kazi, na za kile kifua chako kinachokusumbua kila baridi ikianza? Sisi hatujambo. Mama presha yake imetulia, anakula vizuri, na leo kaenda ibadani kwa miguu yake mwenyewe. Nimeanza na hilo makusudi, ili usisome yanayofuata roho ikiwa juu.

Barua hii anakuletea Peniel, anayeshuka huko kwa treni. Ningekupigia, lakini simu zangu huzipokei tangu ulipogombana na Mama, na mambo haya hayatoshi kwenye meseji.

Flashi yako niliipata. Ulisema nilicheze hilo gemu lako mpaka mwisho, nikwambie kama linafaa kabla hujawakabidhi wale watu watakaoliuza. Nikalifungua pale kibandani kwangu, kwenye kompyuta ninayochapia barua za watu. Uliposema ni la mtindo wa zamani sikudhani ni zamani kiasi hicho. Picha ni vipande vipande kama kitambaa cha kufuma, na mchezaji haonekani, unaona mikono yake tu, mmoja una panga na mwingine kurunzi. Nikacheka, nikasema mdogo wangu kasoma miaka yote hiyo aje achore mikono. Lakini nilivyoingia ndani zaidi kicheko kikaisha. Giza lile, miiba ile, njia inayojifunga nyuma yako ukishapita, nilivijua. Ni kichaka chetu. Hata mizinga ya magogo umeitundika mitini, na asali umeifanya dawa ya kurudisha nguvu. Mazimwi yako yana masikio makali kuliko mbwa. Nilikanyaga kijiti tu, yakanifuata matatu.

Ndipo nikasikia mluzi. Ule wa kupanda mara mbili na kushuka mara moja, ambao Baba alikuwa akiupiga akitoka kurina asali. Nikaendelea, nikaliona kwa mbali zimwi kuu, limevaa koti la kijani kama la Baba, linavuta mguu wa kushoto kama yeye. Niliizima kompyuta. Bahati mbaya Yustina alikuwa amekaa nyuma yangu akisubiri simu yake ipate chaji, na Yustina unamjua, hana kifua. Kabla sijafunga kibanda, Mama alikuwa ameshaambiwa kwamba Nathan kamgeuza baba yake jini, watu wamkatekate kwa kujifurahisha.

Mama alikuja kesho yake mchana, kajifunga kanga mbili, hakusalimia mtu. Alisema nimfungulie aone kwa macho yake. Akasema kama ni kweli umemwinulia baba yako panga, hata kama ni kwa mchezo, usikanyage mlango wake tena, na siku akifa usitie udongo kwenye kaburi lake. Nathan, Mama si mtu wa vitisho, akisema kasema. Nilijaribu kumdanganya kwamba flashi imeharibika. Hakudanganyika. Nikafunga mlango, nikashusha pazia, nikampa kiti.

Nilicheza huku nikimwangalia yeye zaidi kuliko kioo. Mazimwi madogo hayakumshtua, aliniuliza tu kwa nini napita kushoto wakati njia ya mizinga ya Baba iko kulia. Nikapita kulia, na kweli njia ilikuwapo. Tukafika kule mwisho. Mluzi ukalia. Mama akashika ukingo wa meza, na mimi nikahesabu vidonge vyake kichwani nikijiuliza kama amekuja navyo.

Likatokea na lile koti. Likaanza kuja kwetu likivuta mguu. Maandishi yako yakaniambia nipige. Sikuweza. Lilinijeruhi, nikarudi nyuma, likanijeruhi tena, na pale chini kwenye kioo nguvu zangu zikawa zinakwisha. Nilitaka kuchomoa waya. Mama akanishika mkono. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, tangu lini mtu aliyepotea kichakani anafuatwa kwa panga. Akaniuliza kama nimesahau kwamba aliyepotea haitwi jina wala hafuatwi, bali unagonga mzinga mtupu, unangoja, unasogea, unagonga mwingine, naye anaifuata sauti mpaka nje.

Nilimwambia hili ni gemu, Mama, mizinga hii ni picha. Akasema gonga.

Nikaugeukia mzinga uliokuwa karibu, nikaupiga kwa panga. Nathan, zimwi liliacha kunipiga. Likageuza kichwa, likaufuata mzinga. Najua ni wewe uliyeliumba lifuate kelele, na sidhani ulifikiria haya. Lakini nikakimbia kwenye mzinga wa pili, nikagonga, likaja. Mara mbili lilinikaribia mno, na mara moja lilikwama kwenye miiba, ikabidi nirudi karibu nalo kabisa nigonge tena huku nguvu zangu zimebaki kidole. Mama alikuwa akinielekeza mti kwa mti bila kupepesa. Mwaka ule aliopotea Baba tuligonga hivyo hivyo, wewe na mimi na watu wote wa mtaa, lakini mvua ilikuwa kubwa, hata sisi wenyewe hatukusikia tulichogonga.

Tukatoka. Tukavuka reli, tukafika kwenye ile nyumba ambapo gemu lako linaanzia, ambayo ni nyumba yetu, hata bati lililokunjika umelichora. Zimwi likasimama mlangoni. Halikupiga, halikuondoka. Likabaki linatutazama, kwa sababu nadhani hukuandika chochote cha kulifanya hapo.

Sasa hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mama aliinuka, akachukua kikombe changu cha maji ya kunywa, akayamwaga polepole kizingitini pa kibanda, kama alivyokuwa akimmiminia Baba anawe kabla ya kumsemesha. Kisha akasema, "Umechelewa, Baba Evodia." Akalia. Tangu siku Baba alipopotea sijawahi kumwona akilia, hata ulipomwambia tuzike nguo za Baba naye akakufukuza kwa sababu mume wake hajafa, kachelewa. Nililia naye. Alipomaliza akajifuta, akasema Baba ameshafika nyumbani, sasa anaweza kuzikwa.

Najua kwa nini ulilitengeneza gemu hili. Ulitaka mtu mmoja katika familia hii awe na ujasiri wa kummaliza, tupumzike. Nilikukasirikia, na sasa sina hasira tena. Mama naye hana. Amesema ibada ya kumuaga Baba ifanywe mwezi ujao, lile koti lake la pili lizikwe nyuma ya nyumba, na udongo wa kwanza utie wewe. Hakuna atakayeutia kabla yako, kwa hiyo njoo.

Nilipotaka kuzima, kompyuta iliuliza kama nihifadhi nilipofika au nianze upya. Mama akataka kujua inasema nini. Nikamweleza kwamba nikihifadhi, atabaki pale mlangoni, na nikianza upya, atarudi kichakani. Alinyoosha kidole mwenyewe akabonyeza nilipomwonyesha.

Msalimie mwenzako Hana na jirani zako wote. Mama anakusalimu, amenituma nikwambie usije mikono mitupu ukasingizia treni.

Flashi nimeifunga ndani ya bahasha hii. Ukiifungua utamkuta amesimama mlangoni. Tafadhali, mdogo wangu, kabla hujawapa hao watu, andika mtu amkaribishe ndani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Evodia