Kaka Yangu Ameukataa Mchezo Niliomtengenezea

Mpendwa mshauri Bi. Bernadeta, shikamoo mama. Naomba msaada, kaka yangu Castory hataki hata kusikia sauti yangu na kosa ni langu mwenyewe. Kaka alikuwa fundi mitambo kiwandani hapa Morogoro, miaka miwili iliyopita akapofuka kwa maradhi, akawa mtu wa kushinda amelala, na mimi nafundisha kompyuta kwenye darasa la binafsi, kama haya yaliyochipuka tangu biashara za watu binafsi ziruhusiwe, basi nikahangaika miezi mitatu nikamtengenezea mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja, sauti tupu, unavaa hedifoni, unatembea toka stesheni ya Kisaki kwenda nyumbani na njiani kuna daraja na tembo, ukimsikia kushoto unakwepa kulia. Mama, kaka aliamka! Akawa anakuja darasani kila siku, amenyoa ndevu. Lakini nilipoona anakanyagwa mara kwa mara roho iliniuma, nikawapunguza tembo kimyakimya, akaanza kushinda kila safari, mpaka siku moja akasimama katikati ya njia, akakunja mikono, hakubonyeza kitu, na tembo akapita zake. Akavua hedifoni. "Devotha, huyu tembo umemhonga?" Nikasingizia kompyuta. "Nimepoteza macho, sijapoteza akili." Kwa aibu nikaweka tembo watano wenye mbio, akafa mara kumi na moja palepale darajani bila kujua kilichomuua, akaondoka na hajarudi. Nipunguze au niongeze?

Devotha, Morogoro

Marahaba, mwanangu Devotha. Miezi mitatu ya kazi kwa ajili ya ndugu yako ni upendo, na pole kwa yaliyokupata. Lakini nakugombeza. Ulimpa kaka yako ushindi wa bure, alipoukataa ukamwadhibu. Tembo anayeua bila kusikika si mgumu, ni mwonevu. Matawi yavunjike kwanza kwa mbali, kisha karibu. Mtu akifa, asikie tembo ametoka upande gani, na aanzie palepale darajani, usimrudishe stesheni. Akimshinda tembo mmoja ndipo aje wa pili. Na idadi yao aichague Castory, si wewe! Leo hii nenda ukamwombe radhi, umwambie mchezo umekushinda, akusaidie kuutengeneza. Kisha uvae hedifoni, ufumbe macho, ucheze mbele yake.

Kwa kuwa jambo lilikuwa la haraka, majibu haya nilimtumia Devotha kwa posta kabla ya kuyachapa hapa. Juzi ameniandikia tena:

"Mama, nilikanyagwa mara nne, kaka akacheka mpaka akakaa chini! Akaniambia mwangwi wa daraja ndio unaochanganya kushoto na kulia, nikauondoa. Tumerekebisha pamoja siku sita. Jumamosi akachagua mwenyewe tembo watano, wenye mbio zilezile. Wanafunzi wangu kumi na wawili wenye macho walikuwa wamejaribu, wote wakashindwa. Kaka akavuka! Darasa zima lilisimama kumpigia makofi, na mimi nililia. Sasa anawafundisha wasioona wenzake watatu, mmoja hutoka Mlali kila Jumanne. Wakilalamika kwamba ni mgumu, anawajibu, 'Sikilizeni tena.'"

Hongera sana, Castory. Na wewe Devotha, usibweteke. Safari ya Kisaki ameimaliza. Kesho muulize sasa anataka kwenda wapi, uanze kuitengeneza.