Sekunde Kumi na Tisa

Mtaa wa Ng'ambo,
Tabora.
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Shamimu,

Shikamoo. Simu ya Bibi haikuanguka kwenye ndoo ya maji. Nilikudanganya, na uongo huohuo nimewaambia wote hapa nyumbani. Wewe ndiye wa kwanza kujua. Nimelitanguliza hili kwa sababu nikianza na habari nyingine nitaogopa njiani.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na joto la Maskati limepungua? Sisi tu wazima. Baba Mkubwa Mustafa ameacha kukohoa. Baba bado yuko Igunga na lori la mpunga. Vumbi ni jingi, mvua bado.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa kuwa Rashidi wa jirani anakuja huko Jumanne, na kwa kuwa kwa simu nimejaribu mara tatu nikaishia kukuuliza umekula nini.

Mwaka jana Mwalimu Yoramu, anayetufundisha kompyuta, alitupa kazi ya kurekodi maisha ya nyumbani kwa mwezi mmoja na kuyapanga, ili mtu akitafuta jambo alipate mara moja. Wenzangu waliacha mwezi ulipoisha. Mimi niliendelea miezi kumi na minne, kwa simu ya Bibi. Kila siku kipande kimoja cha video, na kila kipande mstari wake kwenye daftari: tarehe, mahali, jambo, urefu. "3 Februari. Uani. Bibi anachuja asali. Sekunde 52." "20 Februari. Mlangoni. Bibi anabishana na muuza maziwa. Sekunde 88." Ilifika mistari mia nne na kumi na miwili.

Mwanzoni Bibi alikataa, maana unajua ndani ya nyumba alikuwa hafungi ushungi.

"Nywele hizi ni za ndani, Asmahani," aliniambia. "Siku mwanamume akiziona kwenye hilo dude, hata kama nimekufa nitatoka nije nikufinye."

"Utatokaje, Bibi, na udongo wote ule?"

"Nitaomba ruhusa."

Tulicheka sana, lakini nilimwahidi.

Alifariki Alhamisi, tukamzika Ijumaa baada ya sala. Wewe mwajiri wako alikuwa amekunyima likizo. Siku ya khitma baraza ilijaa, hata watu wa Ziba walifika, na Baba Mkubwa akaniita mbele yao wote: "Lete simu ya mama, wazee hawa wamwone." Nikasema natafuta chaja. Niliingia chumbani kwa Bibi, nikakaa kitandani kwake, nikafuta kila kipande ambacho nywele zake zinaonekana. Nilidhani ni vichache. Nilifuta harakaharaka, na moyoni nilijiona mtoto mwema anayetimiza ahadi. Vilibaki thelathini na saba.

Katika hivyo thelathini na saba Bibi amefunga ushungi, amekaa kwenye kiti, amefumba mdomo kama anapigwa picha ya kitambulisho. Maneno yake yalikuwa jikoni, na jikoni alikuwa kichwa wazi. Wazee walimtazama wakasema mashallah. Hakuna aliyemsikia.

Kisha wewe ukaniomba kile kipande nilichowahi kukutajia, asubuhi moja Bibi alipokuwa na haraka akaniita kwa jina lako: "Shamimu! Shamimu wee, chai inamwagika! Ee, nani vile... Asmahani." Uliandika kwamba kwa miaka sita umemsikia kwenye simu tu, akipaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, na sasa unataka kumsikia anavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama uani. Ndipo nikazua ile ndoo.

Nilikwenda kwa Limbu, fundi simu wa sokoni. Akaniuliza kama baada ya kufuta nilirekodi kitu kingine. Nikamwambia nilirekodi khitma yote, saa mbili na nusu, ili nikutumie wewe. Akavua miwani.

"Basi khitma imekaa palepale vilipokuwa vile vipande," alisema. "Pole, mdogo wangu. Havirudi."

Na juzi darasani Mwalimu Yoramu alituonyesha namna ya kuitoa sauti kwenye video na kuiacha picha. Ilimchukua dakika moja. Niliinamisha kichwa kwenye dawati, wenzangu wakadhani nasinzia. Ningeweza kuzificha nywele zake na kubaki na sauti yake, Shangazi. Nilikuwa sijui.

Kilichobaki ni daftari. Ni kama orodha ya vitabu vya maktaba iliyoungua. Mstari wa 208 unasema: "14 Januari. Jikoni. Bibi ananiita Shamimu. Sekunde 19."

Sikuombi uniambie kwamba si neno. Najua ni neno.

Wanakusalimu Baba Mkubwa, mama, na Mama Anifa aliyemkosha Bibi kabla ya maziko. Mdogo wangu Nurdini anauliza kama huko kuna ngamia. Mungu akuhifadhi ugenini, akupunguzie uchungu wa kutomzika mama yako, na ampe yeye mahali pana penye nuru.

Mtoto wa kaka yako akupendaye,
Asmahani

Nyongeza: Baada ya kutia sahihi nimeuandika mstari wa 208 kwenye karatasi yake peke yake, na chini yake kila ninachokumbuka: alivyolivuta jina lako mwishoni, kifuniko cha birika kikigonga, alivyocheka kidogo kabla ya kusema "nani vile". Kisha nikausoma kwa sauti nikitazama saa. Zilitimia sekunde kumi na moja. Nane nyingine sizikumbuki, nimeziachia nafasi tupu. Nikaitia karatasi kwenye bahasha hii. Sasa naipeleka kwa Rashidi, na nikitoka huko nakwenda barazani kumwambia Baba Mkubwa.