Dhahabu Niliyomwachia Polisi wa Kadibodi

Shangazi Rosnah mpendwa, naomba msaada wako, na naomba usicheke, maana ofisini wameshanicheka vya kutosha. Mimi ni Kian Boon, nakaa mtaa wa Toa Payoh, na Jumapili nilikuwa nikutane na mama wa mchumba wangu Sze Min, ambaye kila mtu anamwita Anti Lau na kila mtu anamwogopa, ili tupange siku ya harusi huku tukila, na nilikuwa nimebeba begi lenye mkufu, bangili, pete na hereni, vyote vya dhahabu, ambavyo mama yangu amemwekea mkwewe, nikatangulia kufika kwenye vibanda vya chakula, nikakuta pamefurika, meza imebaki moja tu pale mlangoni, jirani na yule polisi wa kadibodi aliyewekwa kuonya watu kuhusu wezi, na kwa kuwa pakiti ya tishu ya kushikia nafasi, kama desturi yetu, sikuwa nayo, nikaweka begi mezani nikaenda zangu kupanga foleni ya wali wa kuku, kwani Shangazi, hapa kwetu nani anaiba?

Narudi na sinia, begi hakuna. Meza ya pili alikuwepo mzee anakunywa supu ya samaki, nikamvaa.

"Anko, begi langu liko wapi?"

"Begi gani? Mimi niko na supu yangu."

"Hebu simama nione chini ya kiti!"

"We kijana, una wazimu? Muulize huyo polisi wako, yeye ndiye yuko zamu!"

Watu wakaangua kicheko, mimi nikazidi kufoka, na hapo ndipo nikasikia sauti nyuma ya nguzo, kumbe Anti Lau amekaa na Sze Min, ametulia na kahawa yake, begi langu liko mapajani mwake.

"Endelea tu, mwanangu, unasikika vizuri. Dhahabu umemwachia mlinzi wa karatasi, je, binti yangu utamwacha wapi? Kwenye stuli?"

Akanirudishia begi, akasema harusi isubiri kwanza, akaondoka na Sze Min, ambaye hakunitetea hata kidogo, na jioni akanitumia ujumbe: "Mama kakosea nini?" Sasa Shangazi, aliyechukua begi si ndiye Anti Lau? Huo si wizi? Nimpeleke polisi, au niachane na familia hii, na Sze Min nampenda mpaka chakula hakipiti?

*

Kian Boon,

Nimecheka. Nisamehe, nilijitahidi mpaka kwenye stuli, pale nikashindwa.

Pole kwa mshtuko. Sasa nisikilize. Mtaa wako ni salama kwa sababu wapo watu wanaotupa macho, na siku hiyo aliyetupa macho ni Anti Lau, wewe ulikuwa unatazama kuku. Angekuja mwingine kabla yake, sasa hivi ungekuwa unamwandalia mama yako maelezo, na barua hii ningeisoma nalia. Kuibiwa ni nadra kwetu, lakini huyo mwizi mmoja akija, atachukua begi la mtu kama wewe.

Kicheko kilinikauka kwa yule mzee wa supu. Mtaa mzima uliuamini ukauachia dhahabu, begi lilipopotea ukamgeuza mwizi mtu wa kwanza uliyemwona. Aibu, Kian Boon! Huyo ndiye aliyeonewa siku ile, na kwenye barua yako yote hujamwomba radhi popote.

Kuhusu mama mkwe, acha ukaidi. Kasema harusi isubiri, hakusema haipo. Asiyekutaka asingekukabidhi begi mkononi.

Dhahabu irudi kwa mama yako leo, ifungiwe. Kisha nenda kwa muuza supu ya samaki, umuulizie mteja wake, umtafute, umwombe msamaha mbele za watu kwa sauti ileile uliyomfokea nayo. Supu yake ya siku hiyo lipa wewe. Baada ya hapo mwalike Anti Lau na Sze Min kwenye meza ileile. Wao wakachague chakula, wewe ulinde meza na mikoba yao, hata haja ikikubana, kaa. Wakirudi wakute kila kitu mahali pake, ndipo uulize tarehe.

Na kama bado unaona lazima umshtaki, kituo kiko wazi. Ila tafuta polisi aliye hai, na begi usilitue kaunta.

Shangazi Rosnah