Shamba la Saidi na Nazi za Nyumbani Kwetu

Msambweni, Jumamosi, mwaka wa pili wa Uhuru.

Jua kali tangu asubuhi, na upepo umelala. Nimefua, nimefagia, nimepanga na kupangua madaftari ya darasa la saba, yote hayo ili nisikae mezani. Sasa nimekaa. Shajara yangu, leo sijielewi.

Jumatatu basi la asubuhi litaondoka na bahasha yangu kwenda Nairobi, na ndani yake yatakiwa maoni yangu: hadithi hii ichapwe kwa vijana wa shule zetu, au isichapwe? Kampuni inayotaka kuichapa inasema taifa jipya lataka vitabu vyake lenyewe, si vya watoto wa Kizungu wanaocheza kwenye theluji. Kwa upande wetu huu wa pwani wamenichagua mimi niwasomee mswada. Nilipopata habari nilitembea nimeinua kidevu wiki nzima, na mwalimu mkuu akanitania kwamba nimeanza kukohoa kama mkaguzi.

Ningejua, ningewarudishia siku ile ile.

Hadithi yenyewe ni hii. Saidi, kijana wa pwani, amefiwa na baba. Shamba la minazi la baba linachukuliwa na Chuma, mpwa wa marehemu. Saidi anasoma kwa bidii, anafaulu mtihani, anakwenda kudai haki yake, na mwisho mkuu wa wilaya anafika kwa gari, anamfukuza Chuma, na watu wanaimba chini ya bendera.

Kasoro zake nimeziandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Saidi hanuni, hachelewi kuamka, hasemi uongo hata mdogo. Akifungua mdomo utadhani ni bwana shauri yuko barazani. Chuma ana kengeza na meno ya kahawia, na kila akitaka kudhulumu hucheka kwanza, ili msomaji asikosee. Mahali pamoja mwandishi, ambaye nadhani minazi ameiona kwenye picha, amesimamisha ngazi ndefu ili watu waangue nazi. Hapo nilicheka peke yangu mpaka machozi. Mkwezi wetu akiletewa ngazi atakwambia umemtukana.

Lakini hayo ni ya kurekebishwa. Linaloniumiza kichwa ni Chuma.

Kwetu sisi Wadigo, kwa ada ya wazee, mali ya mtu haiendi kwa mwanawe. Inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Mwana naye hungoja ya mjomba wake. Msikitini husomwa vingine: Mwenyezi Mungu amegawa mafungu, na watoto wamo. Basi kila afapo mwenye shamba, watu huanza kununiana kabla arubaini haijafika.

Shamba tunalokaa sisi lilikuwa la mjomba Bakari, kaka yake mama. Alipofariki, kabla ya Uhuru, lilikuja kwa kaka yangu Hamisi. Wazee walikaa, wakasema, yakaisha. Mjomba aliacha mtoto mmoja, Mwanamisi. Mama yake Mwanamisi ameolewa tena huko Kibuyuni, na mjomba wake wa Mkongani, ambaye kwa ada ndiye wa kutegemewa, hana hata mnazi mmoja. Kwa hiyo tunaishi naye hapa. Yuko darasa langu la saba, na hakuna anayesoma kama yeye.

Kampuni iliagiza: mpe kijana mmoja asome, usikie asemavyo. Nikampa Mwanamisi. Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Nilimwona msomaji tu, sikumwona mtoto wa mjomba Bakari.

Alisoma hata akiitwa haitiki. Alhamisi tulipokaa kula, na wali umepikwa kwa tui zito kama Hamisi apendavyo, alisukuma sahani yake mbele kidogo, akauliza kwa adabu kabisa, "Kaka Hamisi, samahani. Nazi hizi ni za nani?"

Mama alisema bismillahi mara ya pili, ingawa tulikuwa tumekwisha kuanza kula. Hamisi alinawa mkono akatoka.

Tangu siku hiyo Mwanamisi anakula muhogo wa kuchemsha. Muhogo nao umetoka shamba lile lile, lakini sikuwa na moyo wa kumwambia.

Jana Hamisi alinifuata nikianua nguo. "Mishi, mdogo wangu, andika hakifai," alisema. "Wewe ni mwalimu, watakusikia. Kitabu hiki kikifika shuleni, kila nyumba hapa itatafutiwa Chuma wake." Akashika kamba ya nguo. "Kwani mimi nafanana na yule?"

Niliendelea kuanua nguo, na hadi sasa ninajilaumu.

Hafanani naye. Hamisi ndiye aliyemwogesha mjomba miezi ile ya ugonjwa, na ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Ndiye anayemnunulia Mwanamisi sare za shule, na akitoka Kombani hakosi kumletea kashata. Lakini wakija wanunuzi wa mbata, anayeitwa ni yeye, na bei wanapatana naye, na Mwanamisi hupita pembeni na ndoo yake kama mpangaji.

Njia mbili zilimshinda fisi, na leo fisi ni mimi. Nikiandika hakifai, sababu ninazo, tena za kweli. Lakini je, ningeziona kasoro hizo kwa jicho kali hivi kama shamba lingekuwa la watu wengine? Ninakikataa kwa kuwa ni kibaya, au kwa kuwa kimetugusa? Nimejiuliza mpaka maswali yenyewe sasa siyaelewi. Nikiandika kinafaa, nitakuwa nimesimama na mtoto dhidi ya ndugu yangu wa tumbo moja, mbele ya watu wa Nairobi wasiotujua hata kwa sura.

Naogopa. Hiyo ndiyo kweli.

Leo baada ya alasiri nilimwita Mwanamisi anipe maoni yake, maana kazi ni kazi. Nilitaraji atamsifu Saidi.

"Saidi simpendi, mwalimu," alisema. Siku hizi hata nyumbani ananiita mwalimu, dada imekwisha. "Hanuni. Mimi ningenuna." Kisha akauliza, "Na dada yake anaitwaje?"

Dada gani? Nikafunua kurasa. Kweli, Saidi ana dada. Kila akitajwa anachota maji au anapuliza moto, na jina hana. Mwisho wa hadithi Saidi anapewa shamba lote, na dada anapika pilau ya sherehe. Hata kwa wanaosoma mafungu msikitini, mtoto wa kike ana lake, dogo lakini lipo. Mswada huu nimeusoma na kuurudia, kalamu nyekundu mkononi, mimi mtoto wa kike wa nyumba hii, na sikumwona. Nyani haoni kundule.

"Basi kitabu ni kibaya," nilisema haraka, na nikapumua. Niliona mlango umefunguka: nitaandika hakifai, na shahidi wangu ni Mwanamisi mwenyewe. Nani angenilaumu?

"Ni kibaya," alisema. "Lakini usiwaambie wasikichape."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu kabla ya kukisoma nilidhani ni mimi peke yangu."

Akainuka akaenda kuwafungia kuku.

Tangu hapo nimekaa na karatasi. Sijui bado nani mwenye haki, wazee au msikiti. Waliosoma kunishinda wameshindwa na jambo hili. Najua tu kwamba mtoto amekuwa akilala chumba kimoja nami miaka hii yote na fikira hiyo kifuani, na hakuna aliyemuuliza.

Nimeandika: kinafaa kuchapwa. Chini yake nimeandika kwamba dada wa Saidi apewe jina, apewe na fungu lake. Kisha kuhusu Chuma nimeandika hivi: msimfanye mtu mbaya. Mfanyeni mtu mwema, anayempenda yule mtoto kwa dhati, na bado amekaa kwenye shamba la baba wa mtoto huyo.

Niliyasoma tena. Sikufuta.

Hamisi amekwenda kuswali magharibi. Amesema akirudi nimsomee nilichoandika, kabla sijaifunga bahasha. Nitamsomea. Na akiniuliza, "Na wewe, Mishi, umekaa kwenye shamba la nani?" nitamwambia nini?