Namba ya Siri ya Mama

Mama, shikamoo. Ukiona vumbi kwenye kadi hii, ujue ni upepo wa Dodoma.

Leo baada ya mhadhara wangu, binti mmoja mwanafunzi alinikaribisha zabibu za Makutupora. Akaniambia darasa lao zima linasoma ile makala yangu, ile inayoonyesha kwamba wazazi wengi huweka mwaka aliozaliwa mtoto kuwa namba ya siri ya simu.

"Dokta, nimeijaribu kwa bibi yangu kule Mvumi. Nikaweka mwaka aliozaliwa mama, pesa zake zote hizi hapa. Bibi alicheka sana."

Mimi sikucheka. Niliandika ili watu wabadilishe namba. Kumbe wanaonisoma ni wanaojua kubahatisha, na bibi wa Mvumi hajanisikia kamwe.

Yako siiandiki hapa, maana kadi haina bahasha. Ila najua uliitoa kwangu, na huwa nafurahi kila nikikuona unaibonyeza. Basi, nimeshasema mengi mno. Ibadilishe leo hii, mama, kabla hujaiweka kadi mezani. Weka namba isiyonihusu kabisa. Sitanuna.

Mwanao, mwenye wasiwasi wake uleule.